Diski imepinda? Nani kapima?

Kuna sentensi moja nimeisikia kwa mafundi pikipiki wa Dar es Salaam mpaka sasa naweza kuimalizia kabla fundi hajafungua mdomo: "Diski imepinda hii bosi, tubadilishe tu." Hajainua gurudumu. Hajashika spana. Kabana breki mara mbili pikipiki ikiwa imesimama, katikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, basi, hukumu imetoka. Kinachofuata ni bei.

Leo siasa tuziweke kando, tuongee breki. Najua wengi wenu mnaonisoma mmeanza kununua pikipiki za mtumba kwa sababu ya foleni, na wengi mnaangalia rangi, injini na kadi ya usajili, breki mnaiangalia mwisho. Waliokwisha kununua yenye diski mbele wanaijua hali ninayoisema. Unabana mkono wa breki taratibu ukikaribia mataa, mkono unakusukuma vidole, tup, tup, tup. Usukani unatetemeka. Mwendo ukipungua na mapigo yanapungua kasi, na hatua chache kabla ya kusimama pikipiki inashika inaachia, inashika inaachia, kama mtu anayeitwa na watu wawili kwa wakati mmoja.

Wengi wetu tunachukulia hilo kuwa ni kero tu. Si kero. Ubaya wake ni kwamba linamfundisha mwendeshaji kuikimbia breki ya mbele.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari alikuwa na pikipiki ya namna hiyo. Fundi wake alimwambia maneno ambayo nadhani kila mwendesha pikipiki nchi hii kashawahi kuyasikia: breki ya mbele usiiguse sana, itakupindua, wewe tumia ya nyuma. Akatii. Miezi minne akawa anaishi kwa breki ya nyuma. Jioni moja kwenye Barabara ya Mandela daladala ikasimama ghafla mbele yake, akakanyaga kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikalala ubavu na kuteleza naye. Alivunjika mkono, na tunashukuru ulikuwa mkono tu. Pikipiki yake ilikuwa na breki ya mbele nzima kabisa, ilikuwa inapiga tu.

Hiyo hofu ya breki ya mbele nadhani tuliitoa kwenye baiskeli. Tuliokulia kwenye Phoenix za baba zetu tunakumbuka ukibana ya mbele kwenye mteremko unaruka juu ya usukani. Lakini pikipiki ni nzito, ni ndefu, na umekaa chini zaidi. Ukifunga breki, uzito unahama kwenda mbele, shokapu zinazama, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami na la nyuma linabaki jepesi. Tairi jepesi halina cha kushikia. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele inafanya karibu asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha pikipiki, na ukifunga breki kwa nguvu inafanya zaidi ya hapo. Mwambie mtu aiache, umemnyang'anya zaidi ya nusu ya breki zake. Kwenye mchanga na kwenye tope ni habari nyingine, huko unaigusa kwa vidole viwili na kwa adabu. Ila foleni za Mandela hazina mchanga.

Sasa turudi kwa fundi na hukumu yake.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi na alikuwa ameiegesha uani kwa karibu mwaka mzima. Ilianza kupiga siku ya kwanza. Nikaipeleka kwa mafundi watatu, kwa mazoea ya kazi tu, maana habari ya chanzo kimoja mhariri anairudisha. Wa kwanza: diski imepinda. Wa pili: beringi za gurudumu. Wa tatu: ndivyo zilivyo hizi, utazoea. Vyanzo vitatu, habari tatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Bei ya diski mpya pale Kariakoo ilikuwa inalingana na posho zangu za safari mbili za mikoani, kwa hiyo sababu ya kutaka ushahidi ilikuwa nzito.

Nilichofanya baada ya hapo kinawezekana kwa mtu yeyote mwenye spana chache na asubuhi moja ya Jumapili, hivyo nakieleza kirefu.

Anza barabarani, mahali patulivu na tambarare. Nenda kilomita 20 mpaka 30 kwa saa, kanyaga ya nyuma peke yake. Kisha rudia kwa ya mbele peke yake. Inaonekana ni utoto, lakini nimeona mtu akibadilisha pedi za mbele wakati kilichokuwa kinapiga ni dramu ya nyuma iliyokuwa si duara. Kisha achia breki zote na ushikilie usukani kwa wepesi. Kama mtetemo unaendelea bila breki, achana na diski, tafuta kwenye tairi lenye nundu, ringi iliyogonga shimo, spoku zilizolegea au beringi.

Kama inapiga ukibana ya mbele tu, hesabu mapigo. Gurudumu la inchi 17 la pikipiki hizi za kawaida likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 1.8. Kwa kilomita 20 kwa saa linazunguka kama mara tatu kwa sekunde. Ukisikia mapigo matatu kwa sekunde, na yanafuata mwendo, basi kuna sehemu moja kwenye kitu kinachozunguka yenye tatizo. Ukisikia mapigo ya haraka kama kigugumizi, na yanakuja pale tu unapobana kwa nguvu sehemu yenye mchanga au maji, kwanza angalia kama pikipiki yako ina ABS. Hiyo ikifanya kazi mkono wa breki hutetemeka, na ni uzima huo, si ugonjwa. India iliagiza pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 ziwe nayo kuanzia Aprili 2018, na zile ambazo tayari zilikuwa zikiuzwa zikafuata Aprili 2019. Ile ni sheria ya soko lao, haina maana kila ya Kihindi inayofika kwetu inayo, lakini kwenye mitumba hujui utakutana na nini.

Jambo la pili ni kutofautisha kinachopiga. Je, ni mkono wa breki unaosukuma vidole, au mkono umetulia na usukani ndio unaocheza? Hapa ndipo mafundi wengi wanapopitiliza, na hapa ndipo majibu mengi yalipo.

Kwenye pikipiki nyingi ndogo, kalipa (ile kebehi ya chuma inayoikumbatia diski) ina pistoni upande mmoja tu, moja au mbili. Kalipa yenyewe haijafungwa imara, inateleza kwenye pini mbili zilizopakwa grisi. Ukibana breki, pistoni inasukuma pedi ya upande wake, kalipa nayo inavutwa na kuileta pedi ya upande wa pili. Sasa fikiria diski iliyoyumba kidogo lakini ina unene uleule mzunguko mzima. Inapoyumba kulia kalipa inateleza nayo kulia, ikiyumba kushoto kalipa inarudi. Pistoni haina haja ya kuingia wala kutoka, mafuta ya breki yametulia, na vidole vyako havihisi kitu. Lakini pini zikikauka na kushika kutu, kalipa haiwezi tena kuifuata diski. Kila mzunguko diski inaisukuma pistoni, pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma mkono wa breki. Tup, tup, tup. Diski ni ileile ya jana, ugonjwa uko kwenye pini.

Kitu kingine kinachosukuma mkono ni unene usiolingana. Diski ikiwa nene hapa na nyembamba pale, hata kalipa iwe laini namna gani, pistoni lazima icheze. Na tofauti yenyewe ni ndogo ajabu, sehemu chache za mia za milimita zinatosha kuhisiwa na vidole. Jicho haliioni. Ndiyo sababu nakasirika mtu anapoichungulia diski kwa jicho moja na kusema imepinda.

Mkono ukitulia na usukani ukacheza, weka stendi kubwa, tia kreti chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lielee. Shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta mbele sukuma nyuma. Ukisikia "tok", beringi za usukani zimelegea. Shika gurudumu mbele na nyuma, litikise kulia na kushoto. Likicheza, beringi za gurudumu. Lizungushe utazame tairi likipita mbele ya shokapu. Dakika tano, bila shilingi.

Kisha fungua bolti mbili za kalipa na uitoe kwenye diski, bomba la mafuta uliache lilipo. (Tafadhali usibane breki kalipa ikiwa nje, pistoni itatoka na utaanza kazi nyingine.) Isogeze kwenye pini zake kwa mkono. Inatakiwa iteleze bila kulazimishwa. Yangu pini moja ilikuwa inakwenda, ya pili nilihitaji nyundo ya mpira kuichomoa. Ilikuwa ya kahawia yote. Mwaka mzima uani, hewa ya chumvi ya pwani, nani angeipaka grisi?

Ningeweza kuishia hapo nikashangilia. Lakini nilitaka diski nayo isafishwe jina au ihukumiwe kihalali. Nikaichukua na gurudumu lake mpaka Gerezani kwa mzee mmoja anayekereza vyuma, ana kipimo cha mshale na maikromita ambazo anazifunika kwa kitambaa kama Biblia ya ukoo.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeambiwa diski hii imepinda."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Fundi."

"Kapima?"

Nikanyamaza. Akacheka, akaanza kazi.

Kipimo cha mshale unakiegemeza kwenye uso wa diski, unazungusha gurudumu polepole, mshale unakwambia diski inayumba kiasi gani. Vitabu vya ufundi vya pikipiki nyingi za Kijapani vinaruhusu mpaka milimita 0.30, vingine vimebana zaidi. Yangu ilisoma 0.14. Akachukua maikromita, akapima unene sehemu nane kuzunguka diski, akaandika kwa chaki sakafuni. Namba zote zilikuwa karibu sawasawa, isipokuwa sehemu moja iliyozidi kidogo. Tukaitazama vizuri kwenye mwanga. Palikuwa na doa la kijivu lenye umbo kamili la pedi.

Hilo doa ndilo lililonifanya niandike haya yote. Pikipiki ikiegeshwa muda mrefu, au ukitoka mteremkoni breki ikiwa ya moto sana kisha ukasimama huku umebana, pedi inaacha tabaka la unga wake pale ilipokuwa imekaa. Tabaka hilo linashika tofauti na sehemu nyingine za diski. Kila likipita, breki inashika zaidi, halafu inaachia. Mhandisi mmoja Mmarekani wa magari ya mashindano, Carroll Smith, aliyefariki mwaka 2003, aliandika makala iliyosomwa sana akidai kwamba kinachoitwa diski iliyopinda kwa moto mara nyingi ni pedi iliyogandisha unga wake kwenye diski bila kulingana. Yeye aliongelea magari, na diski za magari ni nene. Za pikipiki ni nyembamba, aghalabu milimita 4 au 5, zinaweza kupinda kweli. Pikipiki ikiangukia upande wa diski, fundi akilaza gurudumu chini diski ikiwa chini na kulikanyaga akibadili tairi, au mtu akisahau kufuli la diski na kuondoka nalo, zitapinda. Rafiki yangu aliingia mtaroni Sinza, yake ikasoma 0.60. Ile hata mimi nilisema ibadilishwe, na ikabadilishwa.

Tofauti ni kwamba ilipimwa.

Tiba yangu, basi. Pini zilisuguliwa, zikapakwa grisi ya breki, ile isiyoyeyusha mpira, si ya beringi. Diski ilifunguliwa kwenye habu, na hapo tukakuta kutu na mabaki ya rangi katikati, mtu alipaka ringi rangi bila kuziba mahali diski inapokaa. Uchafu wa nukta moja hapo unatosha kuilaza diski. Tukakwangua mpaka chuma, tukarudisha bolti kwa kukaza msalaba, kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho kisha nyingine. Doa lilisuguliwa kwa msasa kwa kuzungushazungusha, pedi nazo zikasuguliwa juu ya kioo, kila kitu kikafutwa kwa spiriti. Baada ya hapo nikaenda barabara tupu nikapunguza mwendo kutoka 50 mpaka 15 kama mara ishirini, nikiiacha ipoe katikati, bila kusimama kabisa nikiwa nimebana. Mapigo yakafa. Gharama yote haikufika hata robo ya diski.

Wapo wanaopeleka diski ikakerezwe ili iwe sawa. Kabla ya hapo soma maandishi yaliyogongwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na namba, mfano 3.5. Huo ndio unene wa mwisho katika milimita. Chini ya hapo diski ni ya kutupa hata kama iko laini kama sahani, maana haina tena chuma cha kubeba joto. Za pikipiki mara nyingi hazina akiba ya kukerezwa. Na anayekwambia atainyoosha kwa nyundo, mshukuru, uondoke.

Sasa kosa ni la nani? Rahisi kuwasema mafundi, na nimewasema. Lakini tazama wanavyolipwa. Fundi akifunga diski mpya anapata chake kwenye spea na chake kwenye kufunga. Akikaa saa nzima anatikisa gurudumu, anachomoa pini, anapima, halafu akasema "diski yako nzima, leta elfu kumi", mteja anamaka: elfu kumi ya nini, si umeangalia tu? Nimeyasikia haya kwa masikio yangu, yakisemwa na watu wenye digrii, watu ambao daktari akiwaangalia tu wanalipa bila kunung'unika. Tumejenga soko ambalo kukisia kunalipa na kupima hakulipi, kisha tunashangaa kwa nini mafundi wanakisia. Nilimlipa yule mzee wa Gerezani kwa kupima peke yake na alinitazama kama nimempa zawadi.

Wauzaji nao hawajasalimika. Pikipiki zinauzwa nchi hii kwa maelfu, na kitabu cha ufundi kwa Kiswahili, chenye vipimo vya mwisho vya diski na pedi, mimi sijapewa wala sijakiona kwenye duka lolote nililoingia. Fundi aliyejifunza chini ya mwembe atajuaje 0.30? Alichorithi kwa mwalimu wake ni "imepinda", na ndicho atakachomrithisha kijana anayemshikia spana leo.

Kwa wale mnaokwenda kuona pikipiki wikiendi hii: kabla ya kutoa hela, isukume injini ikiwa imezimwa huku umebana breki ya mbele kidogo sana. Ikishika mahali pamoja kila mzunguko, weka alama ya chaki kwenye tairi, sukuma tena. Alama ikirudi palepale umeshajua unachonunua, na una hoja ya kupunguza bei. Tazama miguu ya shokapu kama inavuja, mafuta yakifika kwenye pedi hakuna msasa utakaoziokoa. Soma MIN TH, pitisha ukucha kwenye ukingo wa diski usikie ngazi iliyochimbika. Muulize imekaa muda gani bila kutembea. Na kama muuzaji hataki uinue gurudumu la mbele kwa dakika tano, mrudishie funguo zake upande daladala.